Mafunzo ya Agosti kwa Wachezaji na Watunzi wa Dansi Mombasa: Mwili Umeshughulikiwa, Utunzi Umeharakishwa

Mafunzo haya ya wiki tatu hufanyika kila likizo ya Agosti katika ukumbi mmoja hapa kisiwani, na yamejipatia sifa miongoni mwa vijana wanaocheza ngoma katika hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu. Sifa hizo, kwa sehemu kubwa, yanazistahili. Mchezaji anayetaka kujua namna ya kuutumia mwili wake kwa miaka mingi bila kuuchakaza hataijutia ada aliyolipa. Mtunzi, yaani yule anayetaka kubuni kazi yake mwenyewe tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho na kuwakabidhi wengine waicheze, atapata mwanzo mzuri halafu ataachwa njiani. Mimi nilijiunga na fungu la watunzi, kwa kuwa ninaongoza kikundi kidogo cha ngoma ambacho kimechoka kurudia onyesho lile lile, na kwa hiyo tathmini hii itaegemea zaidi upande huo. Jina la kituo nimeliacha makusudi, kwani ninachokijadili ni mpangilio wa mafunzo, si watu.

Ada ilikuwa shilingi 15,000 kwa mchezaji na 20,000 kwa mtunzi, nayo ililipwa kwa M-Pesa kwa awamu mbili. Ndani yake mlikuwamo chakula cha mchana na maji ya kunywa. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja, wanawake na wanaume wakipokezana, jambo ambalo katika mji kama huu lilipaswa kufikiriwa mapema. Chakula kilitosha: wali kwa maharagwe siku nyingi, na pilau siku ya Ijumaa baada ya swala. Ratiba iliheshimu nyakati za swala bila mtu yeyote kulazimika kuomba ruhusa, na hilo ni la kupongezwa.

Kasoro ya kwanza imo katika kalenda yenyewe. Mafunzo ya namna hii yalizoeleka kwanza katika nchi za kaskazini, ambako wakati wa kiangazi vyuo na majumba ya maonyesho hufungwa na wachezaji hukusanyika mahali pamoja kujinoa. American Dance Festival ya Marekani ilianza mwaka 1934 kama shule ya kiangazi katika Chuo cha Bennington, Vermont, na tangu mwaka 1978 imekuwa ikifanyika Durham, North Carolina. Huko Vienna, tamasha la dansi la ImPulsTanz limekuwa likiwakusanya watu wakati wa kiangazi tangu mwaka 1984. Kwao mpango huo una mantiki. Kwetu Pwani, Agosti ni kusi: jua limepoa, upepo unavuma kutoka baharini, na mwili unastahimili mazoezi ya mchana ambayo wakati wa kaskazi, Februari au Machi, yangemlaza mtu kitandani. Kwa upande wa hali ya hewa, basi, waandaaji wamebahatika. Lakini Agosti ndio mwezi ambao wageni wa Ulaya hujaa hotelini, na ndio mwezi ambao mchezaji ngoma wa Mombasa hupata kazi karibu kila usiku. Wenzangu wengi walifika asubuhi macho mekundu, wamekesha wakicheza mbele ya watu wanaokula, na ilipofika saa nane mchana ungemwona mtu akisinzia wima. Waliofaidika zaidi ni wanafunzi wa shule, ambao likizo yao ni hiyo. Kama kweli walengwa ni wachezaji wanaolipwa, basi Mei, wakati wa masika ambapo hoteli hupwaya na nyingine hufunga milango kwa muda, ungekuwa mwezi bora zaidi. Ugumu ni kwamba wakufunzi kutoka nje hawapatikani Mei, na hapo mtu anaelewa kalenda imepangwa kwa kumfuata nani.

Ukumbi ni mpana na una madirisha pande mbili, kwa hiyo hewa haikusumbua. Kilichosumbua ni sakafu. Ni terazo juu ya zege, kama ilivyo katika majengo mengi ya zamani ya mji huu, na anayeruka na kutua juu yake kutwa nzima huanza kuhisi maumivu kwenye miundi, kisha kwenye magoti, kisha kiunoni. Ukumbi wa dansi unaostahili jina hilo huwekwa sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya papi zilizopangwa kwa nafasi, ili inepe kidogo mguu unapotua na kukipunguza kishindo kabla hakijaufikia mfupa. Waandaaji walilijua hilo, kwani walitandika mikeka ya mpira katika nusu ya ukumbi na mazoezi ya kuruka wakayahamishia ufuoni Nyali, wakati wa maji kupwa, mchanga unapokuwa umeshikana. Bado ningependa kuona sehemu ya ada ikienda kwa fundi seremala. Sakafu ya aina hiyo si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Mafundi wetu wanaiweza.

Hata hivyo, kwenda mchangani hakukuwa kukwepa terazo tu. Mkufunzi mkuu wa mwili alipitia École des Sables, shule ya dansi iliyoanzishwa mwaka 1998 na mchezaji na mtunzi wa dansi Germaine Acogny pamoja na mumewe, Helmut Vogt, katika kijiji cha Toubab Dialaw nchini Senegal, ambako mmojawapo wa kumbi za mazoezi una sakafu ya mchanga. Acogny, ambaye kabla ya hapo aliiongoza shule ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, alijenga mbinu yake juu ya uti wa mgongo: unavyojipinda kwa mawimbi, unavyotetema, unavyokaza na kulegea. Mkufunzi wetu hakutuhadithia mengi juu ya hayo. Alitusimamisha mchangani, akatuagiza tuchuchumae na kuinuka, tena na tena, hadi tulipogundua wenyewe kwamba ukiegemea kisigino unazama, na ukiutandaza wayo wote unasimama. Kijana mmoja wa kikundi changu, mwanasarakasi wa miaka mingi ambaye kila mara alitua jukwaani kama gunia la nazi lililoshushwa kwenye lori, kufikia mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa akitua bila kusikika. Hilo pekee, kwangu, lilirudisha ada yake. Madaktari wa mifupa wa mji huu wangepata nafasi ya kupumzika kama kila kikundi cha sarakasi kingepewa wiki moja ya mafunzo hayo.

Somo lililonifaidi zaidi halikuongozwa na mkufunzi wa kutoka nje. Katika wiki ya pili walialikwa wapigaji wa sengenya, ngoma ya Wadigo, kutoka Kwale, wazee watatu na kijana mmoja, wakiwa na zumari, ngoma za msondo na chapuo, na upatu. Ratiba iliandika "Ngoma za Pwani" na kuzipa saa mbili, kana kwamba sengenya, gonda, mwanzele na kifudu ni vitu vya kapu moja. Kifudu, kwa asili yake, ni ya matanga, na gonda ni ya vijana wanaotafutana macho. Mkufunzi aliyepangiwa kipindi hicho, binti aliyesomea dansi Nairobi, alianza kama alivyoanza kila somo, kwa kupiga makofi na kuhesabu hadi nane. Mzee wa chapuo akaacha kupiga.

"Baba, kuna tatizo?" akamuuliza.

"Hakuna tatizo, mwanangu. Ila usinihesabie. Nitazame mkono huu wa kushoto."

Akaanza upya, polepole, na safari hii ukumbi mzima ukautazama mkono wa kushoto. Kabla ya kila badiliko, kiganja kiliilalia ngozi kidogo na kuifisha sauti, huku mkono wa kulia ukiendelea. Mwenye zumari, aliyekuwa amefumba macho, alisikia ule upungufu akaurefusha mlio wake. Na kijana wao aliyekuwa akicheza akawa ameshayageuza mabega kabla sisi hatujajua kwamba kuna kilichobadilika. Badiliko halikuja baada ya nane wala baada ya kumi na sita. Lilikuja mzee alipoona mchezaji ameshiba hatua ile. Alipoulizwa anajuaje, alijibu kwamba humtazama mtu shingoni, maana shingo ndiyo hutangulia kuchoka. Binti yule, na hili ni la kumsifu, alikaa chini miongoni mwetu akaacha kufundisha.

Mtunzi makini alipaswa kutoka pale na daftari limejaa. Mle mlikuwa na majibu ya maswali ambayo kila mtunzi huhangaika nayo: nani anaamua urefu wa sehemu, ishara ya kuhama inatoka wapi, mchezaji na mpigaji nani anamfuata nani, na uchovu wa mwili unatumiwaje badala ya kufichwa. Hayo ni utunzi, tena utunzi uliokomaa. Lakini mafunzo yaliuchukua urithi huu kama ghala la hatua: bega kutoka sengenya, kiuno kutoka chakacha, mguu kutoka mwanzele, kisha vyote vikamwagwa katika muziki uliorekodiwa wenye mapigo manne yasiyobadilika. Saa mbili zilipokwisha, wazee walilipwa, wakashukuriwa, wakapelekwa kwenye feri, na ukumbi ukarejea kwenye kuhesabu nane.

Gonda ilipata hali ngumu zaidi, kwani ilifundishwa kwa video. Hando la Kigiriama, lile vazi la vitambaa vilivyokunjwa tabaka juu ya tabaka, huukuza mwendo wa nyonga kiasi kwamba mvaaji hana haja ya kufanya makubwa. Mtikisiko mdogo tu unaonekana hadi nyuma ya umati. Sisi tulifundishwa mtikisiko ule ule tukiwa tumevaa suruali za mazoezi, na kwa kuwa haukuonekana, mkufunzi akatutaka tuukuze. Mwisho wake tulicheza kitu ambacho hakuna bibi wa Kaloleni angekitambua. Hando moja la kuazima lingetosha kutuonyesha.

Kipindi cha chakacha kilipangwa kwa adabu yake. Kilikuwa cha wanawake peke yao, madirisha yalifungwa, simu zikakusanywa kikapuni mlangoni, na aliyefundisha ni mama mtu mzima wa Mji wa Kale ambaye amezicheza harusi za mitaa ile tangu usichana wake. Alitufundisha chakacha, lakini alianza na lelemama. Vyama vya wanawake vya lelemama, vilivyoshindana vikali hapa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vilithamini utulivu: mikono na vidole ndivyo vilivyosema, miguu ikibaki karibu pale pale. Mama alitusimamisha wima kwa muda mrefu tukichezesha viganja tu, na kila aliyeharakisha kiuno aliambiwa, "Subiri, mwanangu, hujaitwa." Hakuna aliyetaka kipindi kile kiishe. Kwa nini mama huyu alipewa alasiri moja, huku somo la dansi za mitandaoni likipewa asubuhi tatu, ni jambo ambalo waandaaji wanapaswa kulieleza.

Sasa nije kwenye utunzi. Wiki mbili za mwanzo watunzi tulifanya mazoezi madogo madogo: kuchukua fungu la hatua na kulirudisha kinyumenyume, kulipunguza kasi, kulicheza umelala, kulihamisha kutoka mguuni kwenda mkononi. Ni mazoezi mazuri na yanachangamsha akili. Asubuhi moja ilitumika kwa mfumo wa kuandika dansi ambao Rudolf Laban, mtunzi na mwananadharia wa dansi, aliuchapisha mwaka 1928, wenye alama za mwelekeo, kimo na muda zinazosomwa kutoka chini kwenda juu. Tulijifunza kuandika hatua tatu za kutembea, tukaishia hapo. Sikuona faida yake kwa muda mfupi kama ule, na nadhani hata mwalimu mwenyewe hakuiona. Kilichokosekana wakati huo wote ni watu. Mtunzi bila wachezaji ni mpishi asiye na jiko, na wachezaji walikuwa chumba cha pili, wakifundishwa peke yao. Tulikabidhiwa wachezaji wanne wanne mwanzoni mwa wiki ya tatu, saa moja kwa siku, na kutakiwa tuwe na kazi ya dakika tano ifikapo Ijumaa. Dakika tano jukwaani si mchezo. Atakayezijaza kwa haraka hiyo atazijaza kwa alichonacho tayari mwilini, na ndivyo wengi wetu tulivyofanya: kazi nyingi za Ijumaa zilikuwa maonyesho ya hoteli yaliyovishwa muziki mwingine.

Hata hivyo, katika wiki hiyo fupi kulikuwa na jambo moja lililofanywa vizuri kuliko nilivyowahi kuona popote, nalo ni namna ya kutoa maoni. Mkufunzi wa utunzi alitumia utaratibu uliobuniwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, wenye hatua nne: kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa au kuwafikirisha, kisha mtunzi anauliza maswali yake, kisha watazamaji wanamuuliza mtunzi maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, na mwisho kabisa, anayetaka kutoa maoni yake anaomba kwanza ruhusa ya mtunzi. Hapa kwetu, ambako mtu huambiwa "hongera, kazi safi" usoni na kusengenywa akishavuka barabara, utaratibu huo ulikuwa mgumu kwa siku mbili za mwanzo. Wengi hawakuweza kuuliza swali lisilo na hukumu. "Kwa nini umeamua kuwachosha?" si swali.

Siku ya tatu ulifanya kazi. Binti mmoja wa Likoni alikuwa ametunga kazi kuhusu kuvuka feri. Wachezaji wake wanne walisimama wamebanana, wote wakitazama upande mmoja, mabega yakipanda na kushuka kwa pumzi; kisha mlango unafunguliwa, nao wanakimbia kwa pamoja. Mmoja wetu aliuliza, "Wakati wanapokimbia, nani hakimbii?" Binti alinyamaza, akafikiri, akasema kwamba kila asubuhi kuna mama mwenye beseni la samaki kichwani ambaye hakimbii, watu wanampita kama maji yanavyolipita jiwe. Kesho yake, mchezaji mmoja alikuwa amesimama katikati, mikono ikishikilia beseni lisilokuwapo, shingo imenyooka, na mbio za wale watatu zikalazimika kumzunguka. Kazi ilibadilika mbele ya macho yetu. Ilibaki siku mbili. Hakupata nafasi ya kuamua mama yule anafika wapi, na siku ya maonyesho taa zilizimwa huku bado amesimama, si kwa sababu mtunzi alitaka hivyo bali kwa sababu hapo ndipo kazi ilipokuwa imefika. Kama angeanza na wachezaji wale tangu wiki ya kwanza, Mombasa ingepata kazi ya kujivunia.

Maonyesho yenyewe yalijaa watu, wazazi wengi, na yalianza kwa wakati, jambo la nadra. Taa zilikuwa chache lakini zilitumiwa kwa busara. Malalamiko yangu ni juu ya kilichofuata. Kituo kilirekodi kila kazi na kuzitandaza zote kwenye kurasa zake bila kutaja jina la mtunzi yeyote, kwa hoja kwamba tulitia saini fomu siku ya kwanza. Fomu ilikuwa ya Kiingereza pekee, ilitolewa wakati wa kupokea fulana, na hakuna aliyeeleza kilichomo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya ni mwanachama wake, unazitaja waziwazi kazi za utunzi wa dansi miongoni mwa kazi zinazolindwa, kwa hiyo jina la mtunzi si hisani ya mwenye kamera. Wapigaji wa sengenya nao walionekana kwenye video moja bila jina lao wala la ngoma yao, ilhali tangu mwaka 2016 nchi hii ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii, ngoma zikiwemo. Kituo kinachofundisha utunzi kilipaswa kuwa cha kwanza kuyafundisha haya, angalau kwa saa ile iliyopotea kwa Laban.

Kwa kijana anayecheza na ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kutua, kupumua na kunyoosha viungo baada ya kazi, ushauri wangu ni kwamba alipe na aende, na kama anafanya kazi za hoteli, aombe mapema ruhusa ya usiku kadhaa ili mwili wake upate cha kujifunzia. Mtunzi na aulize kwanza atakabidhiwa wachezaji lini, na jibu likiwa ni wiki ya mwisho, basi alipie fungu la wachezaji, aokoe shilingi 5,000, na jioni atunge nyumbani na watu wake. Fomu ya video aisome kabla hajachukua fulana, na mahali pa jina la mtunzi aandike sharti lake kwa kalamu. Wawili kati yetu walifanya hivyo na hawakukataliwa.

Niliwaandikia waandaaji haya yote. Walijibu kwa heshima, wakaeleza kwamba mwaka ujao watunzi watapewa wachezaji tangu wiki ya kwanza na wapigaji wa Kwale wataalikwa kwa wiki nzima. Wakitimiza, nitamlipia ada mpiga chapuo wa kikundi changu ajiunge na fungu la watunzi. Itabidi kwanza wairekebishe fomu ya kujiandikisha, kwani iliyopo ina nafasi ya kuchagua "mchezaji" au "mtunzi" tu, na sharti la kuingia fungu la pili ni kuwasilisha video ya mwombaji akicheza.